Kabla hujaliongezea gari nguvu, mfikirie mwelekezi wako

Msomaji wangu, ukifika Kagio siku ya soko utakuta pikapu zimebebeshwa nyanya hadi springi zinalia, kila dereva akitaka kuwa wa kwanza kufika Nairobi. Ni katika barabara hizi za Kirinyaga, kutoka Sagana hadi Kutus na kupanda Kerugoya, ambapo vijana wengi hujifunza kukimbiza gari. Na ni hapa pia ambapo wengi wao hujidanganya kwamba aliyefikisha nyanya sokoni kabla ya alfajiri ameshahitimu kuwa dereva wa mbio za magari.

Majuzi nilialikwa na mmoja wao nikaone gari lake. Ni mfanyabiashara wa nyanya mwenye umri wa miaka 26, na alikuwa amekopa pesa katika chama cha ushirika ili ashiriki mbio zake za kwanza. Gari lenyewe ni Subaru Impreza ya zamani. Stika zilikuwa zimeshabandikwa, na jina lake pamoja na kundi lake la damu yameandikwa kwenye dirisha la nyuma, kama wafanyavyo mabingwa. Nilifungua mlango nikatazama ndani. Keji ya chuma ilikuwepo, imepakwa rangi nyeupe ikapendeza. Niliigonga kwa ufunguo, nikamuuliza fundi bomba lile limetoka wapi.

"Hilo ni bomba safi la maji, mwanangu," mzee yule akanijibu kwa fahari. "Nimelipinda mwenyewe, kwa mchanga na moto."

Mzee huyo namheshimu. Mikokoteni ya punda na milango ya chuma aliyoitengeneza imetapakaa hadi Mwea, na hakuna hata mmoja uliowahi kung'oka. Lakini keji ya gari la mbio si mlango wa duka. Kazi yake ni moja tu: gari linapobingirika, nafasi iliyo juu ya vichwa vya watu wawili isipungue. Kwa sababu hiyo kanuni za shirikisho la kimataifa, FIA, zinataka upinde mkuu ulio nyuma ya viti utengenezwe kwa bomba la chuma lisilo na mshono, lenye upana wa angalau milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au milimita 50 kwa 2. Mabomba mengine ya keji yanaweza kuwa membamba kidogo, milimita 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2. Aghalabu bomba la maji lina mshono ubavuni, na hapo ndipo huachia. Zinki iliyopakwa juu yake nayo huharibu mchomeleo. Isitoshe, nguzo za keji hazichomelewi tu juu ya sakafu ya gari iliyoliwa na kutu. Kila mguu huwekewa bamba la kuimarisha, la sivyo siku ya ajali nguzo hutoboa sakafu kama mwiko unavyotoboa ugali.

Nilimuuliza kijana kwa nini hakununua bomba linalofaa.

"Kaka, pesa zote zimeenda kwa injini," akanijibu.

Hilo ndilo kosa ninalotaka tulizungumze leo, maana si lake peke yake. Wengi wanaoanza huweka pesa kwenye nguvu kwanza, kisha mabaki ndiyo hununua uhai. Historia ya mbio zetu wenyewe inawasuta. Safari Rally ilianza mwaka wa 1953, na kwa miaka mingi ilipangwa wakati wa Pasaka, matope yakiwa tele. Mwaka wa 1963, na tena mwaka wa 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka wa 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544, hakuwa na gari jipya, lilikuwa limeshatumika. Lakini Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na alijua kila nati ya gari lake. Alishinda tena mwaka wa 1974 na 1976.

Au mkumbuke Patrick Njiru. Mwaka wa 1993 Subaru ilileta kwenye Safari vigari vya Vivio, injini yake ni ya sentimita za ujazo 660 tu, yaani ndogo kuliko za magari mengi yanayobeba watoto shuleni. Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia, aliendesha kimojawapo na hakufika mwisho. Njiru alikifikisha chake, akawa mshindi wa kitengo chake. Mwaka uliofuata alipewa Impreza akamaliza katika nafasi ya nne. Hivyo, kijana unayeanza, iache injini yako jinsi ilivyotoka kiwandani. Badilisha oili, mikanda, plagi na mipira ya radieta, kisha funika boneti.

Tukiwa bado tunabishana hapo gereji, alitokea binamu yake, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizoni. Huyo ndiye angekuwa mwelekezi. Mkononi alikuwa na helmeti ya bodaboda, tena yenye ufa.

Msomaji, nilikaa kimya kidogo. Dereva ana usukani, ana breki, na macho yake yako barabarani. Mwelekezi ameinamisha kichwa akisoma daftari, hana chochote cha kushika ila imani yake kwa aliyeketi kando yake. Mwaka wa 2005, katika mbio za ubingwa wa dunia kule Wales, Peugeot ya Markko Märtin iliacha njia ikagonga mti upande wa mwelekezi wake, Michael Park. Märtin alinusurika; Park alifariki. Hilo lilikuwa gari la kiwanda lenye kila kifaa ambacho pesa zinaweza kununua. Sasa wewe unamketisha mtoto wa shangazi yako chini ya bomba la maji!

Basi tukaketi tukaanza kuhesabu upya. Helmeti ya bodaboda haifai kwa kuwa kitambaa cha ndani hakistahimili moto, na haikuundwa kwa vishindo vya kujirudia dhidi ya keji. Ya mbio ina kibandiko cha kuidhinishwa ndani yake, na mkaguzi hukitafuta kwanza. Ukiuziwa ya mtumba, jihadhari: helmeti iliyowahi kuanguka kwa kishindo inaweza kuwa imevunjika ndani huku nje inang'aa.

Pamoja na helmeti kuna kifaa cha kushikilia shingo kiitwacho HANS. Wengi hukiona kama mapambo. Fikiria hivi: mkanda umekaza mabega yako kwenye kiti, lakini kichwa hakijafungwa popote. Gari likisimama ghafla, mwili unabaki na kichwa kinaendelea na safari, tena kikiwa na uzito wa helmeti juu yake. Robert Hubbard, profesa kule Michigan, Marekani, alikibuni kifaa hicho miaka ya 1980 pamoja na shemeji yake Jim Downing, aliyekuwa dereva wa mbio. Kwa miaka mingi madereva walikikataa wakidai kinawabana. Kisha Februari 2001 Dale Earnhardt, nyota mkubwa wa mbio za Marekani, aligonga ukuta katika mbio za Daytona 500 akafa kwa kuvunjika chini ya fuvu. Hakuwa amekivaa. Siku hizi ni lazima katika mashindano makubwa.

Mkanda nao usiwe ule wa kawaida wa gari. Wa mbio hupita mabegani, kiunoni na katikati ya mapaja, na hufungwa kwenye chuma cha gari lenyewe au kwenye keji. Una lebo yenye tarehe, na baada ya takriban miaka mitano kutoka kiwandani huhesabiwa kuwa umekufa, hata kama haujawahi kutumika. Kiti kadhalika. Mzazi unayesoma haya, huna haja ya kugombana na mwanao kuhusu mbio. Mwombe tu akuonyeshe tarehe iliyo kwenye mkanda.

Kuhusu mavazi nitasema machache. Ovaroli ya gereji haitoshi. Inahitajika ile ya kitambaa kisichoshika moto upesi, pamoja na soksi, viatu na kitambaa cha kufunika kichwa na uso chini ya helmeti. Dereva huongeza glavu. Na tafadhali usivae nailoni ndani. Nailoni huyeyuka ikagandamana na ngozi. Nje ya gari na ndani kuwe na swichi ya kukata umeme wote kwa mara moja, ile ya nje ikiwekewa alama ya radi nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu ili hata mwanakijiji anayekuja kuokoa aione. Mtungi wa kuzimia moto uwe mahali ambapo wote wawili wanaufikia wakiwa wamefungwa mikanda. Jaribuni! Nimeona gari ambalo mtungi ulikuwa nyuma ya kiti cha dereva, ungehitaji mkono wa nyani kuufikia.

Baada ya hayo ndipo uende chini ya gari. Ardhi yetu ni walimu wawili wakali: bondeni Mwea kuna udongo mweusi unaoshika tairi kama gundi, na ukipanda kuelekea mlimani kuna udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Weka bamba nene la kulinda injini na gia. Mabomba ya petroli na breki yapitishwe ndani ya gari, yasikatwe na mawe. Beba vichujio vya hewa vya ziada, kwa maana vumbi la Naivasha, ambako Safari ilirejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, ni laini kama unga na huingia kila mahali. Shoki nzuri zina faida kuliko farasi 50 za ziada. Kisha wewe na mwelekezi wako mjizoeze kubadilisha gurudumu, usiku, kwa tochi, saa ikihesabu. Jizoezeni pia kutoka garini haraka, na kusimamisha pembetatu nyekundu angalau mita 50 nyuma ya gari lililokwama, mwenzenu anayekuja asije akawavamia.

Noti za njia huandikwa siku za kukagua barabara. Dereva hutamka aonavyo, mwelekezi huandika, kisha hupita mara ya pili kusahihisha. Kona hupewa namba. Wako wanaoita moja kona kali kuliko zote, na wengine huhesabu kinyume chake. Lugha yoyote inafaa, hata Kikuyu, mradi nyote wawili msikie kitu kimoja kwa neno moja.

Jambo jingine, na hapa nilimkaripia kidogo. Alikuwa akifanya mazoezi usiku barabara ya Baricho. Hiyo ni barabara ya wanafunzi, bodaboda na akina mama wenye vikapu. Katika mbio, kasi hupimwa kwenye njia zilizofungwa pekee. Kati ya sehemu moja na nyingine gari hupita barabara ya umma likiwa na bima na kufuata sheria kama matatu yoyote, na anayekiuka huadhibiwa. Mahali pa mazoezi ni mashindano ya autokrosi, ambako mtu hushindana na saa kwenye uwanja wa vumbi. Hapo gharama ni ndogo, na ukikosea aghalabu unagonga tairi kuukuu. Leseni ya kushindana hutolewa na shirikisho la michezo ya magari nchini, KMSF, na ni vyema kuwatembelea wakaguzi wake kabla hujachomelea chochote.

Kijana alinyamaza muda mrefu. Binamu yake ndiye aliyevunja kimya: "Kaka, kwani hayo mashindano ya mwezi ujao ni lazima?"

Nilipopita Kagio wiki mbili baadaye, gari lilikuwa limekatwa keji yote na jina lake halikuwa tena kwenye orodha ya walioingia. Amepata bomba linalofaa Nairobi, na mzee wa gereji amekubali kufuata mchoro. Yale mabomba ya maji yameshapakwa rangi upya, na sasa yanashikilia paa la kibanda ambamo mamake huuzia nyanya.