Gari la mbio lililolala majini: bei yake ni ya spea, si ya gari

Mavuno ya alizeti na vitunguu yakishauzwa, mjini Singida huonekana watu wenye fedha mkononi wakitafuta mahali pa kuziweka. Wapo wanaoongeza mzigo, wapo wanaonunua kiwanja, na wapo, hasa vijana, wanaotaka gari. Gari wanalolitaka mara nyingi si pikapu ya kubeba magunia. Ni Subaru Impreza yenye turbo, ni Altezza, ni Mark X: magari ya chini, yenye kasi na sauti. Dalali naye hakosi kuwa na moja la "bei ya kutupa". Safu hii inamwomba mnunuzi, kabla hajatoa fedha, aulize swali moja: je, gari hili limewahi kulala majini?

Swali hilo si la watu wa pwani peke yao. Singida ni mkoa mkavu, lakini mji wake umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, na upande wa Iramba liko bonde la Wembere linalojaa maji wakati wa masika mazito. Tarehe 3 Desemba 2023 jirani zetu wa Katesh, katika barabara ya Singida kwenda Babati, walifikiwa na tope na mawe kutoka Mlima Hanang. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na nyumba, maduka na magari vilizolewa au kufukiwa. Miezi michache baadaye, mvua za El Niño za mwaka 2024 ziliharibu barabara na makazi katika mikoa mingi nchini.

Aidha, maji yanaweza kuliharibu gari mbali kabisa na hapa na likaja kuuzwa hapa. Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Sehemu moja ya Al Ain ilipata milimita zaidi ya 250 katika muda usiozidi saa 24. Picha za magari ya kifahari yakielea Dubai zilionekana dunia nzima. Dubai ni soko kubwa la magari yaliyotumika yanayoletwa Afrika Mashariki. Na barabara ya Manyoni, Singida hadi Nzega ndiyo njia ya magari ya IT yanayokwenda Rwanda na kwingineko. Biashara ikiwa hivyo, mfanyabiashara wa Singida hawezi kusema mafuriko ya wenzake hayamhusu.

Sasa tuje kwenye thamani. Kosa la wengi ni kuhesabu kutoka juu kushuka chini: gari zima ni milioni 18, hili lililoingia maji linauzwa milioni 9, basi nimeokoa milioni 9. Mwandishi wa safu hii aliwahi kuhesabu hivyo. Alinunua gari dogo la turbo, limeoshwa, limewekewa mazulia mapya na linanukia vizuri. Mwezi wa pili taa za dashibodi zilianza kuwaka zenyewe, wa tatu kontroli boksi ikafa, na fundi alipofungua viti akakuta mchanga chini ya zulia. Gari hilo lilikula fedha ya matengenezo iliyozidi ile punguzo, na mwishowe liliuzwa vipande vipande.

Hesabu sahihi huanzia chini kupanda juu. Tuchukue mfano, tarakimu zikiwa za kufundishia tu. Milango, boneti, bampa na taa: milioni 2. Rimu na matairi: laki 8. Difu, shafti na springi: milioni 1.2. Vioo: laki 5. Jumla milioni 4.5. Injini na gia boksi, kama gari halikuwashwa likiwa ndani ya maji, milioni 2.5. Zote pamoja ni milioni 7. Lakini theluthi moja ya spea hukaa bila mnunuzi, ondoa milioni 2.3. Kulivuta gari, fundi na kodi ya yadi, ondoa laki 7. Zimebaki milioni 4. Ukitaka faida ya milioni 1 kwa jasho lako, bei yako ya juu kabisa ni milioni 3. Na kama gari liliwashwa majini, injini ihesabu sifuri: kwa njia hiyo hiyo bei yako inashuka hadi milioni 1.3. Milioni 9 za dalali zimetoka wapi?

Sababu ya injini kuhesabiwa sifuri ni hii. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda pistoni ikapanda, kitu kinachopinda ni konrodi. Magari ya mbio yako chini, na mengi yana njia ya kuvuta hewa iliyo chini vilevile, kwa hiyo hunywa maji mapema kuliko Land Cruiser au Fuso. Tena yamejaa nyaya, vihisio na mifuko ya hewa, vyote vikiwa chini ya viti na dashibodi. Lori la zamani likizama, fundi mzuri humwaga oili, husafisha, hupaka grisi, na linarudi kazini. Gari la mbio huficha ugonjwa wake kwenye viungio vya waya na kuutoa baada ya miezi.

Aina ya maji nayo ni sehemu ya bei. Maji ya mvua yaliyoishia kwenye mkeka, gari likakaushwa upesi, hayo yana dawa. Maji ya chumvi hayana. Mwezi Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipoingiza maji ya bahari katika bandari ya Newark, Marekani, magari mapya zaidi ya 300 ya Fisker Karma, kila moja likiuzwa zaidi ya dola 100,000, yaliharibika, na 16 yaliwaka moto kwa hitilafu ya umeme iliyoletwa na chumvi. Hapa kwetu bahari iko mbali, lakini Singidani na Kindai ni maziwa ya chumvi. Gari lililoguswa na maji hayo lisiwekwe kundi moja na lililonyeshewa.

Wapo watakaosema tunawaharibia mafundi wetu soko, kwamba gereji za Singida zimefufua magari mengi. Ni kweli, na hatudharau ufundi wao. Hoja yetu ni bei na ukweli. Fundi akilifufua gari, na alifufue. Mnunuzi aambiwe, naye alipe kwa kujua. Marekani hati ya gari la namna hii hupigwa alama ya mafuriko au mabaki. Kadi yetu humweleza mnunuzi jina la mwenye gari, namba ya chesi, namba ya injini na rangi, lakini haimwelezi gari lililala wapi. Gazeti hili linaona kampuni ya bima inapolipa hasara kamili na kuuza mabaki, taarifa hiyo ingepaswa kuandikwa kwenye kumbukumbu za usajili. Mamlaka ya bima, TIRA, na TRA wangeweza kulianza jambo hili pamoja. Litamlinda mnunuzi, na litampa muuzaji mwaminifu bei yake ya haki.

Wakati tukisubiri, mnunuzi ajilinde. Nyanyua zulia hadi kwenye bati. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake uone kama una alama ya tope. Angalia bolti za viti kama zina kutu, na taa kama zina ukungu ndani. Manukato makali yakutie shaka. Kwa gari la Japani dai karatasi ya mnada. Na mwenye gari akumbuke kuwa bima ndogo hailipi gari lake mwenyewe likizama. Ni bima kubwa, na hata hiyo aisome kama mafuriko yamo.

Kwa mwekezaji mdogo tunamalizia hivi. Soko la spea za magari ya mbio Singida ni jembamba. Wateja wengi wako Arusha, Mwanza na Dar es Salaam, na nauli ya kuwafikia iingie kwenye hesabu. Ukipata gari lililozama kwa bei ya spea, na una yadi na subira, hiyo ni biashara halali. Ukiliuziwa kwa bei ya gari, fedha ya alizeti imerudi majini.