Tusiangushe mungazi juu ya kikombe kimoja

Wandugu wachimbaji, na nyinyi bamama munaobaki nyumbani hapa Kisangani: leo sisemi juu ya bei ya dhahabu wala almasi. Nasema juu ya mungazi.

Fika kwenye chantier mpya upande wa Bafwasende ao Banalia: mara mingi utakuta mingazi imelala chini, kichwa kimetobolewa. Walitafuta masanga ya mbila. Mti ulioangushwa unatoa masanga wiki chache, kisha unaoza. Ukibaki umesimama, unaweza kuzaa ngazi miaka 25: mafuta ya sombe, sabuni, na franga za masomo ya watoto. Ule unaopandwa leo utaomba miaka tatu ao ine mbele ya kuzaa. Mchimbaji anajua kupima. Basi apime na hii.

Siko adui wa masanga. Kwa wengi wetu, ndoa haiendi bila masanga ya mbila. Mgema anapanda asubuhi na kamba yake, maji yanatoka matamu. Mchana yanaanza kuchemka yenyewe, bila mtu kutia kitu. Magaribi iko kali. Kesho kutwa iko siki. Juu ya ile, hakuna mufanya-biashara wa mbali anayeweza kutuletea. Franga zake zinabaki kijijini. Lakini kwenye chantier tunanunua lotoko inayochoma tumbo na whisky ya sachet, na tunakula samaki ya frigo, wakati mto wetu uko na samaki na bamama wanajua kuponda lituma.

Kule Italia, kwenye kisiwa cha Sardinia, kuna eneo la wachimbaji linaloitwa Sulcis. Mji wa Carbonia ulifunguliwa mwaka 1938 juu ya makaa ya mawe. Kisha migodi mingi ilifungwa. Lakini watu walikuwa wamechunga mizabibu yao, na mwaka 1977 serikali ikaipa divai yao jina linalolindwa na sheria: Carignano del Sulcis. Mgodi ulikwisha, mzabibu ukabaki.

Na sisi tuko na nini? Tuko na Yangambi, karibu kilometa 100 tukishuka mto. Ni pale, mwaka 1941, watafiti wa INEAC walionyesha namna mungazi wa ganda nene na ule usiokuwa na ganda wanazaa tenera, wenye mafuta mengi. Leo mashamba makubwa ya Asia yanapanda tenera. Wengine wanapanda, sisi tunaangusha!

Mutaniambia: « Mtu wa chantier iko na kiu leo, na mungazi haiko wake. » Kweli. Ndiyo sababu ya kuheshimu: uko wa kijiji kinachotupokea. Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mbele ya kufungua shimo, tupatane na chefu wa kijiji kwamba hakuna mungazi utakaoanguka, na mgema alipwe kwa kupanda. Kila equipe ipande mingazi kumi mbele ya kuhama. Na tununue lituma, sombe na samaki ya mto kwa bamama wa pale.

Siku shimo litakwisha, tutaacha tope. Tuache na kivuli pia, pamoja na ngazi za kupikia wajukuu.