Kinywe katika betri za lithiamu
Kinywe (pia: grafiti) ni umbo la kaboni lenye matabaka membamba yaliyolaliana. Ndicho kiambato kikuu cha anodi, yaani upande hasi, katika betri nyingi za lithiamu za simu na magari ya umeme.

Utendaji
Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu huingia kati ya matabaka ya kinywe. Inapotumika, hutoka na kurudi kwenye kathodi. Zinahitajika atomi 6 za kaboni kushika ioni 1 ya lithiamu, hivyo uwezo wa kinywe hauzidi takriban miliampea-saa 372 kwa gramu. Silikoni hushika karibu mara kumi zaidi, lakini huvimba sana na kupasuka. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huchanganya silikoni kidogo tu na kinywe.

Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani alitumia kaboni iliyotokana na mafuta ya petroli kutengeneza anodi salama. Kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za aina hiyo mwaka 1991.

Uchumi na siasa
Kinywe cha mgodini hakiingii moja kwa moja kwenye betri. Husagwa kuwa chembe za mviringo, husafishwa hadi kuzidi asilimia 99.9, kisha hupakwa kaboni. Zaidi ya asilimia 90 ya kazi hiyo hufanyika China. Tangu tarehe 1 Desemba 2023 nchi hiyo inadai kibali kwa wanaosafirisha aina kadhaa za kinywe nje, na viwanda vya Marekani, Japani na Korea Kusini vimelazimika kutafuta njia nyingine.

Hali hiyo imeongeza umuhimu wa Balama nchini Msumbiji, pamoja na Mahenge na Ruangwa nchini Tanzania. Sheria ya Tanzania huipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji mkubwa na wa kati. Hata hivyo, hisa za mgodi si hisa za kiwanda: thamani kubwa huongezwa wakati wa kusafisha, kazi inayohitaji umeme wa uhakika na kemikali kali. Tena kinywe cha kutengenezwa, kinachopatikana kwa kuchoma koki ya petroli hadi karibu sentigredi 3,000, hushindana na kile cha ardhini. Kwa hiyo wingi wa madini peke yake hauzipi nchi hizo nguvu ya kupanga bei.