Kondo la Nyuma na Sisi Wavulana

Muhula uliopita, mwalimu wetu wa Biolojia alipokuwa akifundisha habari za kondo la nyuma, wavulana kadha wa kadha walicheka, na mmoja akasema kwa sauti kuwa hayo ni mambo ya wanawake. Yeye atayajibu katika mtihani kisha ayasahau. Nataka kumjibu.

Wengi hudhani kuwa kondo ni kiungo cha mama. Sivyo. Huota kutoka katika yai lililotungwa mimba, kwa hiyo urithi wake nusu ni wa mama na nusu ni wa baba. Mitokondria tu, vile vinu vidogo vitoavyo nguvu ndani ya chembe, ndivyo vitokavyo kwa mama peke yake. Navyo vina kazi kubwa, maana kondo humpitishia mtoto chakula na hewa usiku na mchana. Mishipa ya tumbo la uzazi isipopanuka ipasavyo mapema, damu hufika kwa shida, na vinu vile huwa kama injini mbovu: nguvu kidogo, moshi mwingi. Hapo kondo humwaga katika damu ya mama vitu viharibuvyo mishipa yake. Presha hupanda kufika 140 kwa 90 au zaidi, mara nyingi protini huonekana katika mkojo, kichwa huuma, macho huona ukungu. Asipotibiwa aweza kuanguka kwa degedege, nacho ndicho kifafa cha mimba. (Wako wasemao ni mashetani. Basi mbona ugonjwa huu hutokea hata katika mimba zabibu, ambayo mara nyingi haina mtoto, ila kondo lililoharibika tu?)

Tena, mwaka 2001 watafiti wa Utah, Marekani, walionyesha ya kuwa mwanamume aliyezaliwa katika mimba yenye ugonjwa huu, mkewe huelekea zaidi kuupata. Mwenzangu na aseme tena kuwa ni mambo ya wanawake!

Rwanda imejitahidi sana. Mwaka 2000 walikufa akina mama 1,071 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Uchunguzi wa mwaka 2019 na 2020 ulipata 203. Lakini 203 bado ni makaburi mengi. Hapa Kigali mume huitwa kliniki pamoja na mkewe siku ya kwanza, wakapimwa virusi vya UKIMWI, na wengi huitika. Baada ya siku hiyo ni wachache niwaonao wakirudi. Nao ugonjwa huu kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20! Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 lashauri mahudhurio 8. Dawa ipo: sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo majaribio ya nchi 33 yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa hupunguza hatari ya degedege kwa nusu. Lakini sindano iko hospitali, na mama aumwaye kichwa saa nane za usiku yuko nyumbani na mumewe. Asipojua yule mume maana ya kichwa kile, atampa maji ya kunywa na kumwambia alale.

Nimekwisha mwomba mwalimu wetu amwalike muuguzi atufundishe kupima presha. Wapendao kuja, wavulana hasa, wampe majina yao kabla ya Ijumaa.