Samaki Hai Huja na Minyoo Yake

Mpenzi msomaji, juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mwanafunzi wa shule moja ya upili hapa Nairobi. Baada ya kunipa shikamoo, alinieleza kisa cha binamu yake mwenye umri wa miaka 12, mwana wa shangazi yake, anayeishi na wazazi wake Minnesota, Marekani. Kijana huyo anafuga nyoka. Msishtuke. Huko ni jambo la kawaida, na nyoka mwenyewe ni yule aitwaye garter, nyoka mwembamba mwenye mistari mgongoni, ambaye chakula chake ni nyungunyungu, vyura na samaki wadogo.

Kila Jumamosi kijana alikwenda katika duka la vifaa vya uvuvi, akanunua samaki wadogo wa chambo wakiwa hai, na kuwatia katika bakuli la maji la nyoka wake. Alifurahi sana kumwona akiwinda. Siku moja akagundua uvimbe chini ya ngozi ya nyoka, karibu na shingo. Baada ya siku chache ukatokea mwingine. Daktari wa wanyama alipasua uvimbe ule na kutoa mnyoo mwekundu, aliye hai. "Binamu yangu analia," akaandika mwanafunzi wetu. "Anasema yeye ndiye aliyemlisha nyoka wake ugonjwa. Je, ni kweli? Na afanye nini?"

Nitajibu moja kwa moja. Ndiyo, yamkini mnyoo ule uliingia pamoja na samaki. Lakini kijana asijilaumu, kwa maana alichokosa si mapenzi bali maarifa.

Maelezo ya mnyoo mwekundu chini ya ngozi yanalingana na mnyoo ambao wataalamu huuita Eustrongylides. Maisha yake ni safari ndefu. Mnyoo mzima hukaa ndani ya korongo na ndege wengine walao samaki. Mayai yake hutoka na kinyesi cha ndege na kuangukia majini. Huko huliwa na vinyoo vidogo viishivyo matopeni, vinyoo hivyo huliwa na samaki, naye samaki hubeba kiluwiluwi cha mnyoo ndani ya tumbo au nyama yake akimngoja korongo amle. Nyoka akitangulia kumla samaki huyo, kiluwiluwi hujikuta katika nyumba isiyo yake. Hapo hutoboa utumbo na kutangatanga mwilini mpaka chini ya ngozi.

Wala si nyoka pekee. Mwaka 1982, katika jimbo la Maryland, wavuvi kadhaa walimeza samaki wa chambo wakiwa hai. Walipatwa na maumivu makali ya tumbo, na waliofanyiwa upasuaji walikutwa na minyoo ya aina hiyo hiyo, ikiwa imewatoboa utumbo.

Sasa tuje kwenye kinga. Wapo wanaodhani kwamba kumwua samaki kabla ya kumpa nyoka kunatosha. Hakutoshi, kwa sababu samaki akifa mnyoo hafi naye papo hapo. Wengine huwaweka samaki katika maji ya chumvi au kuwatenga kwa majuma mawili. Hatua hizo zaweza kupunguza wadudu walio juu ya ngozi ya samaki, lakini aliyejificha ndani ya nyama hata habari hana. Kuweka samaki katika friji ya kawaida pia hakumwui.

Kinachomwua ni baridi kali ya friza. Kanuni itumiwayo Marekani kwa samaki wanaoliwa na watu bila kupikwa ni kuwagandisha katika nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sufuri, au baridi zaidi, kwa muda usiopungua siku 7. Kwa kuwa friza nyingi za nyumbani hufunguliwa mara kwa mara na baridi yake hupungua, wafugaji wengi wa nyoka hungoja mwezi mzima. Huo ndio ushauri wangu kwa kijana wetu: anunue kipimajoto cha friza, aandike tarehe juu ya mfuko, na awe na subira.

Siku ya kulisha, samaki ayeyushwe ndani ya friji, kisha aachwe hadi baridi imtoke kabisa. Ashikwe kwa kibanio na kutikiswatikiswa mbele ya nyoka. Nyoka huyu hutegemea sana harufu, anayoichukua kwa ulimi, kwa hiyo mara nyingi hujifunza upesi kula samaki aliyekufa. Akikataa, samaki apakwe harufu ya nyungunyungu. Samaki aliyebaki atupwe, asirudishwe tena katika friza.

Ikiwa ni lazima samaki awe hai, basi kijana afuge mwenyewe gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, katika tangi la kioo ndani ya nyumba. Samaki waliozaliwa humo, wasiolishwa vinyoo wala wadudu waliotolewa mabwawani, hawana njia ya kukutana na mayai ya korongo. Hapo mnyororo wa mnyoo umekatika.

Kuna hatari moja ambayo friza haiwezi kuiondoa. Samaki wa dhahabu na wengi wa jamaa zake, wakiwamo baadhi ya samaki wa chambo, wana kimeng'enya kiitwacho thiaminesi, kinachoharibu vitamini B1. Nyoka anayelishwa hao peke yao kwa muda mrefu huanza kutetemeka na kujipinda, na anaweza kufa. Afadhali gapi au vipande vya trauti, samaki tunayemjua katika mito ya Mlima Kenya, vikichanganywa na nyungunyungu.

Kuhusu nyoka aliyekwisha kuugua, arudishwe kwa daktari yule yule. Kinyesi chake kipimwe, ingawa minyoo iliyo chini ya ngozi haitoi mayai ya kuonekana humo. Asipewe dawa ya minyoo ya watu wala ya mbwa kwa kukisia. Nyoka akikonda ilhali anakula, au akitapika chakula, asingojwe.

Neno kwa wazazi wake: nyoka, hata mwenye afya, anaweza kubeba viini vya salmonela. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika. Bakuli lake lisioshwe katika sinki la jikoni, na watoto walio chini ya miaka 5 wasimguse.

Mwanafunzi wetu aliuliza pia kama naye anaweza kumshika nyoka mtaani na kumfuga. Hapana, mwanangu. Kwanza, waweza kumshika mwenye sumu ukidhani ni mpole. Pili, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Ukitaka kuwatazama, nenda Snake Park, pale Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, ambayo imekuwapo tangu 1961.

Je, samaki wa mezani petu? Wao pia wana minyoo yao. Mama anayechambua omena wabichi wa Ziwa Victoria huenda amewahi kuona mnyoo mweupe, bapa kama utepe, tumboni mwa samaki. Huyo naye ni Ligula, mnyoo wa ndege. Moto wa jikoni humwua, mradi samaki aive mpaka ndani. Sisi tuna jiko. Nyoka hana, kwa hiyo anayemfuga hana budi kumtumilia friza.

Mwambie binamu yako afute machozi. Nyoka bado yu hai, na kijana sasa anajua analopaswa kufanya. Mnyama uliyemfungia hawezi kujichagulia chakula. Umemchagulia wewe, basi na usalama wa chakula hicho u mikononi mwako.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.