STIMA YA NYUMBA ZETU: NANI ALITIA SAHIHI?

Ndugu wafanya kazi,

Tulipeleka malalamiko yetu juu ya nyaya za stima katika nyumba za landhi. Jibu tulilopewa ni hili: nyumba hizo zimesimama miaka mingi na hazijaungua, kwa hiyo tusitafute makuu. Leo twalijibu neno hilo mbele ya wanachama wote.

Kwanza sikieni habari ya mzee mmoja wa chama chetu, aliyekuwa fundi wa stima katika karakana mpaka alipostaafu. Binti yake ni muuguzi Uingereza, naye alinunua huko nyumba kuukuu, iliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mzee alipokwenda kuwaona wajukuu, alifungua swichi moja ukutani. Akaona nyaya za zamani zilizovikwa mpira, na mpira umekauka, wapukutika ukiguswa. Akasema, "Nipeni plaisi, kesho naanza kuzing'oa."

Binti akamwambia, "Hapana, baba, hapa si hivyo." Tangu mwaka wa 2005 sheria ya huko yataka kazi ya kubadili nyaya za nyumba nzima ifanywe na fundi aliyeandikishwa, mwenye ruhusa ya kuithibitisha mwenyewe. Asipokuwa huyo, baraza la mji liarifiwe kabla kazi haijaanza, ipate kukaguliwa.

Mzee alikasirika. Alidhani amedharauliwa kwa kuwa ni Mwafrika, na wengine wetu walipoisikia habari hii walisema vivyo hivyo. Sisi twasema sivyo. Mwingereza katika nyumba yake mwenyewe amefungwa na sheria ile ile. Sheria haikuuliza nani atashika plaisi. Iliuliza nani atatia sahihi.

Fundi aliyeandikishwa akaja. Alivuta nyaya mpya, akaunganisha mabomba ya maji na ya gesi na waya wa ardhi, akaweka swichi ya kukata stima ikivuja kiasi cha miliampea 30 tu. Taa zilipowaka hakusema kazi imekwisha. Alianza kupima. Je, waya wa ardhi umefika kila soketi? Je, stima yavuja kutoka waya mmoja hata mwingine? Je, swichi ya usalama yakata upesi? Kila kipimo alikiandika katika cheti, akatia jina lake na sahihi yake. Mzee alituambia, "Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na sijaacha karatasi kama ile katika nyumba ya mtu hata mmoja."

Mpangaji naye hakusahauliwa. Sheria ya mwaka wa 2020 ya huko iliwaamuru wenye nyumba za kupangisha wakaguze nyaya angalau kila miaka 5, na nakala ya ripoti apewe mpangaji. Hatari ikionekana, itengenezwe kwa siku 28 au mapema zaidi. Aliyekaidi aliwekewa faini ya hadi paundi 30,000.

Msituambie hayo ni mambo ya Ulaya. Hapa Kenya pia kazi ya kutia stima katika nyumba ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Basi mbona mtoto wa mwenzetu aliporushwa na stima kwa kugusa bomba la bafuni, aliletwa mtu akazungusha utepe kwenye waya akaenda zake? Nani alipima? Nani alitia sahihi? Lakini wakubwa wakija kutembelea, kuta hupakwa chokaa upesi. Tuliosoma Biblia twayajua makaburi yaliyopakwa chokaa.

Wasema nyumba hazijaungua. Sisi ni watu wa reli. Dereva haondoki stesheni bila kibali cha njia, wala hakuna amwambiaye, "Jana njia ilikuwa wazi, leo nenda tu." Kama neno hilo ni upumbavu kwa gari la moshi, ni upumbavu kwa nyumba wanamolala watoto.

Tuseme na ukweli wetu. Wako kati yetu wanaotia msumari mahali pa fyuzi, na wanaovuta waya dirishani kumpa jirani. Hao wanampa mkubwa fimbo ya kutupigia. Waache leo.

Madai yetu ni matatu:

1. Kila nyumba ipimwe na fundi mwenye leseni, tukianza na zile kuukuu.
2. Kila mwenye kukaa apewe nakala ya cheti chenye vipimo, tarehe na sahihi.
3. Penye hatari patengenezwe mara moja, na kodi isipandishwe kwa sababu hiyo.

Kodi ya nyumba hukatwa katika mshahara kila mwezi, na kila shilingi imeandikwa katika karatasi. Kodi ina karatasi; uhai wetu hauna. Njoni nyote mkutanoni, kila mtu na hesabu ya soketi zilizoungua nyumbani kwake.

Umoja ni nguvu.

Sisi, wanachama wa tawi