Fundi seremala, kikohozi si sehemu ya kazi

Ndugu fundi, acha kusema "vumbi ndiyo kazi yetu". Tangu mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vumbi la mninga na mvule huamsha pumu. Na anayelivuta zaidi ni yule kijana unayemwachia ufagio.

Utaniambia mashine ya kunyonya vumbi ni ghali. Sawa. Lakini sanduku la kuchuja hewa halihitaji mkopo. Gonga sanduku kwa mabaki ya mbao. Upande mmoja panga filta za hewa za gari, mbili au tatu, na mbele yake tandaza kitambaa cha pamba. Upande wa pili weka feni ivute hewa kupitia filta. Ziba nyufa zote. Feni ikae nyuma ya filta, la sivyo vumbi litajaa kwenye mota na kuleta moto. Kung'uta kitambaa nje kila jioni. Filta ikiziba, mota hupata joto.

Usijidanganye kwamba hilo linatosha. Kwenye msumeno vaa barakoa, siyo leso. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia.

Na wewe mfugaji wa kuku: chukua maranda, acha vumbi laini, kataa kabisa ya mbao zilizotiwa dawa.

Feni ya kujipepea unayo. Ya kuokoa mapafu unasubiri nani akuletee?